Sahani, Sindano na Utumbo: Historia ya Kuambiwa "Wewe Usile"

Dwight Eisenhower alikuwa mtu wa nyama choma. Sitanii. Huyu ni jenerali aliyeongoza majeshi ya Washirika kule Ulaya kwenye Vita vya Pili vya Dunia, akaja kuwa Rais wa Marekani, na bado alikuwa anapenda kupika mwenyewe. Steki alikuwa anaitupa moja kwa moja juu ya makaa. Alikuwa hata na mapishi yake ya supu ya mboga, na watu walikuwa wanayajua.

Sasa huyo huyo mzee, usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 1956, alikuwa kwenye meza ya upasuaji katika hospitali ya Walter Reed, Washington. Utumbo wake ulikuwa umeziba. Madaktari walipomfungua walikuta kipande cha mwisho cha utumbo mdogo kimevimba na kukakamaa. Hawakukikata. Waliunganisha utumbo wa juu yake na utumbo mpana, ili chakula kipite kando ya pale pabaya, vile matatu ikikuta msongamano Thika Road inaingia mtaani na kutokea mbele. Mzee akapona, na Novemba mwaka huo akashinda uchaguzi mara ya pili.

Ugonjwa uliomlaza unaitwa Crohn. Na kama hujawahi kuusikia, tulia hapa kidogo, kwa sababu ni ugonjwa unaopenda kuanza watu wakiwa na miaka kati ya 15 na 35. Yaani sisi.

Kwa lugha rahisi iko hivi: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, inageukia utumbo wako mwenyewe. Unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa njia ya haja kubwa, lakini sana sana unapenda pale utumbo mdogo unapokutana na utumbo mpana. Unahara kwa wiki nyingi, tumbo linakata, uzito unashuka, unachoka hadi kupanda ngazi ni shughuli. Saa zingine unatoa damu. Hauambukizwi, na haujaletwa na uchafu. Haujapata dawa ya kuumaliza kabisa. Unatulia, halafu siku moja unachachamaa tena.

Na kwa sababu ni ugonjwa wa tumbo, kila mtu anayekuzunguka anakuwa mtaalamu wa sahani yako. Shangazi anasema achana na maziwa. Jamaa wa mtandaoni anasema achana na dawa, kunywa hii juisi ya kijani siku 40. Daktari mwenye haraka anasema meza vidonge, chakula hakina shida. Mwingine anasema kula viazi vya kuchemsha hadi uzeeke. Unaishia kwenye harusi ya binamu yako umekaa na maji ya chupa, watu wanapakua pilau.

Mimi si daktari, na hata chuo sikumaliza, so usichukue haya kama cheti cha dawa. Lakini historia naweza kusoma. Na historia ya huu ugonjwa, ukiisoma na swali moja kichwani, "nani alisema nisile nini, na alijuaje?", inakupa silaha.

Jina lilitokea kwa bahati ya alfabeti

Mwaka 1932, madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walichapisha ripoti ya wagonjwa 14: Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Wagonjwa wengi walikuwa vijana. Utumbo wao ulikuwa umevimba na kujaa makovu, na haikuwa TB. Majina ya waandishi yalipangwa kwa herufi, C ikatangulia, na dunia ikauita ugonjwa wa Crohn. Daktari mpasuaji aliyewafanyia wagonjwa upasuaji, A. A. Berg, hakutaka jina lake liwekwe. Angekubali, leo tungekuwa tunauita ugonjwa wa Berg.

Na hata hao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Glasgow, Kennedy Dalziel, alikuwa ameandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo hiyo, akagundua matumbo yao yanafanana na ya ng'ombe wenye ugonjwa fulani wa utumbo. Poland wao wanauita kwa majina mawili, Leśniowski na Crohn, kwa sababu mtu wao Antoni Leśniowski aliandika mapema kuliko wote hao, mwaka 1904.

Kuna kitu kimoja kwenye hio ripoti ya 1932 nataka ukishike: ilibidi wathibitishe kwamba si TB. Tutarudi hapo, kwa sababu kwa Mkenya hio ndio sehemu inaweza kukuua.

Enzi za chakula laini

Dawa za maana hazikuwepo. Kulikuwa na kisu, kupumzika kitandani, na mlo wa hospitali. Huo mlo ulikuwa na mantiki inayoeleweka: utumbo umekuwa mwembamba ndani, so usipitishe kitu kigumu. Hakuna maganda, hakuna mbegu, hakuna mboga za majani zenye nyuzi, hakuna mahindi. Kila kitu kiwe laini, cheupe, kimechemshwa.

Kwa mtu ambaye utumbo wake kweli una sehemu imebana, hio ni akili hadi leo. Githeri ikikwama pale, unapelekwa na ambulensi. Shida ni kwamba ushauri wa mtu aliyebanwa ukageuka kuwa sheria ya kila mtu mwenye jina hilo la ugonjwa, miaka nenda miaka rudi, hata wakati ametulia. Watu waliishi na sahani nyeupe bila mtu kuuliza kama inasaidia.

Halafu upepo ukageuka, na hapa Afrika Mashariki inaingia kwenye stori.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940, hospitali ya Mulago, Kampala. Mwenzake Hugh Trowell alikuwa amefanya kazi Kenya kabla ya kuingia Uganda. Waliona kitu: magonjwa ya tumbo yaliyokuwa yanajaza wodi za Uingereza, kama kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, hawakuwa wanayaona sana huku. Wakasema sababu ni chakula. Watu wa huku wanakula nyuzinyuzi nyingi, nafaka isiyokobolewa, maharagwe, viazi. Wazungu wanakula mkate mweupe na sukari. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha utafiti wakilinganisha hadi uzito wa choo na muda chakula kinachochukua kupita tumboni. Ndio, kuna watu walipima choo cha kina babu zetu, na dunia nzima ikaanza kununua nafaka za nyuzinyuzi kwa asubuhi.

Kwa Crohn, hili likazaa jaribio la kupindua meza. Mwaka 1979 madaktari wa Bristol, Uingereza, waliwapa wagonjwa wa Crohn mlo wenye nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Yaani kinyume kabisa na sahani nyeupe. Wagonjwa wakaendelea vizuri, wakalazwa mara chache. Watu wakasisimka. Miaka michache baadaye utafiti mkubwa zaidi, wa hospitali nyingi, ulichapishwa 1987, na ile tofauti kubwa haikuonekana. Hakuna muujiza, lakini pia hakuna maafa. Vile vyakula vilivyokuwa vimekatazwa kwa miaka mingi havikuwaua.

Utafiti ninaoupenda zaidi ya yote, manze, ni wa Waitaliano. Mwaka 1985 walichapisha majibu ya wagonjwa 70. Nusu waliwekwa kwenye mlo laini wa kukatazwa, nusu wakaambiwa kuleni kama Waitaliano wengine. Wakafuatiliwa miezi 29. Majibu? Hakukuwa na tofauti. Wale waliokuwa wanajinyima hawakupata upasuaji kidogo, hawakulazwa kidogo, hawakupona haraka. Walijinyima tu.

Fikiria hio. Ni zaidi ya miaka 50 tangu 1932, na wengi wa wale waliokaa harusini na maji ya chupa hawakuwa wanalipwa chochote.

Kuna kitu kingine Burkitt alituachia bila kupanga. Ile hadithi ya "hayo magonjwa si ya Waafrika" ilikaa vichwani, kwa wagonjwa na hata kwa wahudumu. So leo kijana wa Nairobi anahara miezi mitatu, anapewa dawa ya amiba. Anarudi, anapewa ya taifodi. Anarudi tena, anaambiwa ni vidonda vya tumbo, punguza mawazo na pilipili. Ukimtajia Crohn, mtu anashangaa, "si hio ni ya wazungu?" Na sisi tumehama kwenye ile sahani Burkitt aliiandika kitambo. Chipsi, soda na soseji ndio chakula cha jioni kwa nusu ya mtaa.

Enzi za chupa

Wakati huo huo kulikuwa na wazo lingine la ajabu. Kwenye miaka ya 1960, watu waliokuwa wanafikiria jinsi ya kulisha wanaanga walitengeneza chakula cha maji: protini iliyovunjwavunjwa, sukari, mafuta, vitamini, basi. Madaktari wakakichukua. Mwaka 1984 utafiti mdogo wa wagonjwa 21, uliochapishwa Uingereza, ulilinganisha kunywa hicho peke yake na kumeza steroidi. Kikafanya kazi karibu sawa na steroidi.

Hio ni kubwa. Ina maana chakula si porojo. Kubadilisha kinachoingia tumboni kunaweza kweli kutuliza utumbo uliochachamaa. Hadi leo, Ulaya, mtoto mwenye Crohn mara nyingi anaanzishwa hivyo, wiki 6 hadi 8 za kunywa maziwa maalum tu, kwa sababu steroidi zinaharibu mifupa na kudumaza watoto.

Lakini sikiliza: wiki 6 hadi 8 bila kutafuna kitu. Hakuna chapati ya mama Jumapili. Wenzako wanakula mapumziko ya saa nne, wewe una chupa yenye ladha ya dawa. Watu wazima wengi waliojaribu waliacha katikati, na hawakuacha kwa sababu haifanyi kazi. Waliacha kwa sababu mtu haishi kwa virutubisho tu. Tiba ambayo watu hawawezi kuimaliza ina shida, na kwa muda mrefu shida hio iliitwa "mgonjwa mkaidi".

Enzi za sindano

Kwa upande wa dawa mambo yalikuwa yanasonga. Nanna Svartz, daktari mwanamke wa Sweden, alikuwa anatafuta dawa ya maumivu ya viungo, na kwenye miaka ya 1940 dawa yake, salfasalazini, ikaonekana inatuliza utumbo mpana. Steroidi zikaja miaka ya 1950, zikaokoa maisha, na zikaleta uso wa mviringo, mifupa dhaifu na usingizi kupotea. Baadaye zikaja dawa za kupunguza nguvu ya kinga kama azathioprini.

Mwaka 1993 madaktari wa Amsterdam waliripoti kuhusu msichana mdogo mwenye Crohn kali sana, aliyepewa kingamwili ya maabara inayoziba kemikali moja ya uvimbe mwilini. Akapata nafuu. Agosti 1998 dawa hio, infliximab, ikaidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn. Kuna watu vidonda vya utumbo wao vilifunga, si maumivu kupungua tu.

Sasa ile TB. Mwaka 2001 ripoti ilitoka Marekani kwamba infliximab inaweza kuamsha TB iliyolala mwilini. Ndio maana kabla ya kuanza dawa hizi lazima upimwe TB. Na TB yenyewe inaweza kukaa kwenye utumbo, pale pale Crohn inapopenda, ikafanana nayo kama mapacha. Ukipewa steroidi za Crohn kumbe ni TB, umeilisha. Ukipewa dawa za TB miezi sita kumbe ni Crohn, utumbo unaendelea kujikata. Kenya, ambapo TB iko kila mahali, hili ni swali la kumuuliza daktari kwa mdomo wako: "Umejuaje kwamba si TB?" Kamera ya kuingia utumboni na kipande cha nyama cha kupimwa ndio mwanzo wa jibu. Kubonyezwa tumbo tu hakutoshi.

Na bado kuna bei. Hizi sindano si za mfuko wa kijana anayetafuta kazi. Zimetoka nakala za bei nafuu tangu Ulaya iidhinishe ya kwanza mwaka 2013, lakini nafuu kwa mzungu bado ni kodi ya nyumba huku. So mtu anaposema "achana na dawa, kula hivi," anakuta sikio lenye njaa. Namwelewa kabisa anayesikiliza. Anayeuza ndio simwelewi.

Vitabu na majaribio

Elaine Gottschall, mama wa Canada ambaye binti yake alikuwa na ugonjwa wa karibu na Crohn, alieneza mlo unaokataza nafaka zote, viazi na sukari ya kawaida. Kitabu chake cha 1994 kilisambaa dunia nzima. Ukiuchukua huo mlo Kenya umefuta ugali, wali, chapati, viazi na uji kwa siku moja. Imebaki nini, harufu?

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani wakaupima kwa haki. Walichukua karibu watu 200 wenye Crohn ya wastani, nusu wakala mlo wa Gottschall, nusu wakala mlo wa nchi za Mediterania: mboga, samaki, mafuta ya zeituni, matunda, nafaka. Baada ya wiki 6, kwenye kila kundi zaidi kidogo ya 40 kwa kila 100 dalili zilikuwa zimetulia. Sawa kwa sawa. Ule wa kujinyima nafaka haukushinda ule wa kufurahia.

Na miaka miwili kabla, 2019, daktari Arie Levine na wenzake kutoka Israeli na Canada walikuwa wameonyesha kitu kizuri kwa watoto. Badala ya chupa tupu, walichanganya chupa kidogo na chakula halisi kilichochaguliwa: kuku, mayai, viazi, ndizi, tofaa. Waliondoa vyakula vya viwandani. Ugonjwa ulitulia, na watoto wengi zaidi walivumilia hadi mwisho. Hio orodha iangalie tena. Kuku, mayai, viazi, ndizi. Hio ni soko la Marikiti, si duka la watu wa Karen.

Sasa chapo madondo?

Msimamo wangu ni huu, na historia ndio imenipeleka hapo.

Moja, uvimbe usiotibiwa unakata utumbo, hata siku ambayo husikii uchungu. Hakuna mlo wa kawaida uliothibitishwa kufanya peke yake, miaka na miaka, kazi ambayo dawa zinafanya. Kwa hivyo ukiacha dawa kwa sababu ya juisi, umecheza kamari na sentimita za utumbo wako, na zikikatwa hazioti tena.

Mbili, anayekukatazia chakula ana deni la kukueleza. Una sehemu imebana? Basi mahindi choma, njugu na maganda ya maharagwe ni hatari ya kweli, na ni sawa kukatazwa. Huna? Basi "usile madondo maisha yako yote" ni sahani nyeupe ya 1932 imevaa koti jipya. Muulize: ni kwa muda gani, na tutajuaje kama imesaidia? Ukichachamaa, kula laini: uji, viazi vya kupondwa, ndizi, kuku wa supu. Ukitulia, rudisha vyakula kimoja kimoja, andika kwenye simu kilichokuumiza. Orodha yako haitafanana na ya mwenzako. Na sigara, hio haina mjadala. Inafanya Crohn kuwa mbaya zaidi.

Tatu, na hapa ndipo nina hasira kidogo: raha ya kula iwekwe mezani wakati wa kuchagua tiba. Mwambie daktari waziwazi, "mimi nataka kuweza kukaa na watu wangu Krismasi na kula." Si utoto. Kama dawa yenye nguvu zaidi itakurudishia hio, ni sababu halali ya kuitaka mapema. Kama upasuaji wa kutoa kipande kibaya utakupa miaka ya kula, huenda ni bora kuliko kujikokota na viazi. Na kama unachagua kuvumilia mlo mgumu wiki nane ili usimeze steroidi, chagua ukijua ina mwisho.

Na nyinyi mnaopika: mtu akisema "leo siwezi," msimwekee mkutano wa familia. Mpakulie anachoweza, akae na wengine.